Daftari la Mstahiki Meya: uchambuzi wa kisa cha mihula mitatu na soko moja kando ya Ziwa

Kwa nini kisa hiki

Kisa hiki hutumika katika semina elekezi za madiwani wapya hapa Mwanza, na hakijawahi kupita kimya. Madiwani husimama upande wa meya. Wakuu wa idara husimama upande wa mkurugenzi. Wafanyabiashara wa soko, siku wanapoalikwa, huwakasirikia wote wawili, na nadhani wao ndio wako karibu zaidi na ukweli.

Jina la halmashauri, la meya na la soko yameondolewa. Viwango vya fedha navyo vimeondolewa, kwa sababu mtu wa hapa akisikia tu kodi ya kizimba (sehemu ya kuuzia sokoni) ilikuwa shilingi ngapi, anajua ni soko gani. Mambo mawili madogo ya maisha ya meya yamebadilishwa. Halmashauri za Tanzania zilizo kando ya Ziwa Viktoria na zenye meya ni chache (Jiji la Mwanza, Ilemela, Musoma, Bukoba), kwa hiyo msomaji wa kila mji atadhani anasemwa yeye. Wacha adhani, maana mengi ya humu yametokea kwa sura tofauti katika miji yote hiyo.

Meya ana nini mkononi

Mwananchi akisikia “Mstahiki Meya” hudhani ndiye mwenye mji. Barabara ikiharibika anamlaumu yeye, taka zisipozolewa anampigia yeye. Ukisoma Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Na. 8 ya 1982, unakuta mtu mwenye heshima kubwa na mkono mfupi. Kwanza ni diwani wa kata yake. Baada ya uchaguzi mkuu madiwani wenzake ndio humchagua kuwa meya, na akiukosa udiwani, umeya nao umekwisha. Hasaini malipo. Fedha, watumishi, magari na mihuri viko kwa mkurugenzi, ambaye huteuliwa na Rais na ndiye katibu wa baraza. Meya anaongoza Baraza la Madiwani kila robo mwaka na Kamati ya Fedha na Uongozi kila mwezi, basi. Naibu wake huchaguliwa upya kila mwaka, na theluthi mbili ya wajumbe wakiamua, yeye mwenyewe anaondoka kabla ya muda.

Hapo hujamtaja mkuu wa wilaya, mkuu wa mkoa, mbunge ambaye naye ni mjumbe wa baraza, na TAMISEMI (ofisi ya Rais inayosimamia serikali za mitaa) iliyo juu ya wote.

Kitu pekee ambacho meya anaweza kuwa nacho na mkurugenzi akakosa ni muda. Wakurugenzi huhamishwa, na mkuu wa idara aliyezoea mji anaweza kupata barua ya uhamisho Ijumaa na kuondoka Jumatatu. Meya wa kisa hiki alikaa mihula mitatu mfululizo na kufanya kazi na wakurugenzi sita. Nguvu yake yote ilitoka hapo, na nitaonyesha kwamba matatizo yake nayo yalitoka hapo hapo.

Alikotoka

Kabla ya siasa alikuwa karani wa mizani katika chama cha msingi cha ushirika wa pamba. Anayekijua kilimo cha pamba Kanda ya Ziwa anajua karani wa mizani ni nani: ni mtu anayeweza kumdhulumu mkulima kilo tatu bila kelele, au akakataa kufanya hivyo na kuchukiwa na wenzake. Yeye alikuwa wa kundi la pili. Alikuwa na tabia ya kuandika kila kitu katika madaftari makubwa yenye jalada gumu, tarehe upande wa kushoto, jina katikati, kiasi upande wa kulia, na tabia hiyo ikaingia naye kwenye udiwani.

Kama diwani wa kawaida alikuwepo kodi ya maendeleo ilipofutwa mwaka 2003. Kodi ile haikupendwa, na migambo waliokuwa wakiikimbiza asubuhi na mapema hawakupendwa zaidi, lakini halmashauri ziliitegemea. Yeye alijifunza jambo ambalo madiwani wengi walilisahau haraka: chanzo cha mapato kinaweza kuondolewa na Dodoma kwa siku moja ya hotuba ya bajeti, na halmashauri haiulizwi. Kuanzia hapo alianza kuuliza katika vikao mali ambayo halmashauri inaimiliki yenyewe, ambayo hakuna anayeweza kuifuta, ni ipi. Jibu lilikuwa moja: soko kuu, mwalo (ufuko wa kushushia samaki), stendi, na fremu za biashara.

Muhula wa kwanza: nani amekaa kwenye fremu

Alipochaguliwa kuwa meya, swali lake la kwanza kwa Kamati ya Fedha na Uongozi lilikuwa jepesi kuliko yote na ndilo lililoleta joto: fremu na vizimba vya halmashauri ni vingapi, na vimepangishwa kwa nani?

Ofisi ya mapato ilileta orodha. Meya hakuibishia kikaoni. Aliichukua, na kwa muda wa wiki kadhaa alipita sokoni jioni akiwa na mwenyekiti wa soko, fremu kwa fremu, kizimba kwa kizimba, akiuliza waliokaa mle wanaitwa nani na wanamlipa nani. Alichokikuta kinajulikana katika masoko mengi nchini. Mwenye mkataba na halmashauri ni mtu mmoja, anayeuza nguo ndani ni mwingine, na kati yao yupo dalali. Mwenye mkataba analipa halmashauri pango dogo lililopangwa miaka mingi iliyopita, kisha anamtoza aliye ndani mara kadhaa ya hilo. Halmashauri imejenga, inakarabati na inazoa taka, lakini faida inakwenda kwa mtu ambaye pengine hajakanyaga soko kwa miaka. Katika orodha ya wenye mikataba walikuwemo watumishi, ndugu wa watumishi, na madiwani walioketi naye kwenye kamati ile ile.

Hapa kulikuwa na njia tatu. Ya kwanza ni kupandisha pango kwa wote: dalali angehamishia mzigo kwa mpangaji wa ndani na yeye asingeguswa. Ya pili ni kuvunja mikataba yote kwa pamoja, ambayo idara ya sheria iliishauri na ambayo ingewapeleka mahakamani miaka mitano. Meya alichagua ya tatu. Mikataba iliyokwisha muda haikuhuishwa kwa mwenye jina, bali aliyekaa ndani alipewa nafasi ya kwanza ya kupanga moja kwa moja kutoka halmashauri, kwa pango lililo katikati ya lile la zamani na lile alilokuwa akimlipa dalali. Mpangaji alipata nafuu na halmashauri ikapata zaidi.

Madiwani waliokuwa na fremu aliwaita mmoja mmoja. Hakuwataja kikaoni. Mmoja wao alinisimulia kwamba meya alifungua daftari, akaweka kidole kwenye jina la shemeji yake, akasema, “Mheshimiwa, huyu namfahamu. Nakupa hadi mwisho wa mwaka wa fedha, tusije tukasomana kwenye taarifa ya mkaguzi.” Wengi waliachia. Wachache walimchukia hadi mwisho.

Mapato ya soko yalipanda, na barabara mbili za ndani na madarasa ya kata za milimani vilijengwa kwa fedha hizo. Milimani kwetu ujenzi wa darasa si jambo dogo, maana mawe ni makubwa kuliko nyumba na tofali hupandishwa kwa kichwa.

Muhula wa pili: baraza lililogawanyika

Muhula huu nitaupita haraka, ingawa ndio alioupenda kuusimulia. Upinzani ulipata viti vingi, baraza likagawanyika karibu nusu kwa nusu, na ndani ya chama chake wale wa fremu walikuwa wakisubiri. Jaribio la kumwondoa lilifanyika na halikufikia theluthi mbili. Lilishindikana kwa sababu mambo mawili yalikuwa yameshafanyika mapema. Alikuwa ameuachia unaibu meya uzunguke kila mwaka miongoni mwa kata za pembezoni, kwa hiyo kila kundi lilikuwa na mtu aliyewahi kukaa karibu naye. Na alikuwa akigawa muda wa kusema kikaoni bila upendeleo. Madiwani wa upinzani waliniambia hilo wenyewe, tena bila kupenda.

Ila katika muhula huu kuna kitu kingine kilianza, na kwa kuwa hakikuwa na kelele hakuna aliyekiandika. Wakurugenzi watatu walipita ndani ya miaka mitano. Kila mgeni alipofika alikuta mafaili yenye mapengo, na wakuu wa idara wakimwambia, “Hilo muulize Mstahiki, yeye anajua.” Mipaka ya kiwanja cha shule, makubaliano na wavuvi wa mwalo, familia iliyolipwa fidia na ile iliyosahauliwa, yote alikuwa nayo meya. Watendaji wa mitaa walianza kumpigia simu yeye kabla ya bosi wao. Aliona fahari. Na kusema kweli, kazi ilikwenda.

Muhula wa tatu: soko kuu linavunjwa

Alichokiogopa tangu 2003 kikaja kwa mfululizo. Mwaka wa fedha 2016/17 kodi ya majengo ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato. Mwaka uliofuata ada ya mabango nayo ikahama, na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ikaanza kazi, barabara za halmashauri zikatoka mikononi mwa baraza. Madiwani waliobaki wakijibu maswali ya barabara wasizokuwa na bajeti nazo watanielewa. Kilichobaki kwa uzito ni ushuru wa huduma, mwalo, stendi na soko. Soko lenyewe lilikuwa limechoka: paa la bati lililotoboka, mitaro iliyoziba, na hakuna njia ya gari la zimamoto.

Serikali Kuu ilipoanza kutoa fedha kwa miradi ya kimkakati ya kuongeza mapato ya halmashauri, andiko la soko jipya la ghorofa lilikuwa tayari. Lilipita. Sharti lilikuwa kwamba eneo liwe wazi mkandarasi atakapofika. Meya alitakiwa kuwahamisha mamia ya watu waliokaa pale, wengine tangu kwa mama zao, na kuwahakikishia kwamba watarudi.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wapi pa kuwaweka. Kulikuwa na uwanja wa mpira wa shule, juu mlimani, mkavu lakini mbali na stendi. Kulikuwa na wazo la kuwagawa katika masoko madogo matatu ya kata. Na kulikuwa na uwanda wa wazi pembeni ya mwalo, tambarare, karibu na daladala, karibu na dagaa. Wafanyabiashara walitaka uwanda, na ukiuliza muuza nyanya yeyote atakwambia kwa nini: mteja hapandi mlima kufuata nyanya. Ofisa mazingira aliandika kwamba sehemu kubwa ya uwanda ule imo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa maji, ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazikataza kwa shughuli za kudumu. Meya alijibu kwamba shughuli hii si ya kudumu, ni ya mwaka mmoja. Kamati ilikubali. Muhtasari unaonyesha mjadala wa hoja hiyo ulichukua mistari minne.

Uamuzi wa pili ndio kiini cha kisa. Nani ni mfanyabiashara wa soko hili? Orodha ya ofisi ya mapato ilikuwa ya zamani. Tena kuanzia mwisho wa 2018 vilitolewa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, kwa wale wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka, na mwenye kitambulisho hakutozwa ushuru. Watu waliokuwa na vizimba wakachukua vitambulisho, wakatoka kwenye vitabu vya ushuru, lakini wakabaki kwenye vizimba vyao. Kwenye karatasi hawakuwepo tena.

Meya alifanya alichokizoea. Alichukua daftari na kurudi sokoni na mwenyekiti wa soko, meza kwa meza. Aliandika mwenye meza, anayeuza, anachouza, na majirani wa kulia na kushoto. Safu hii ya majirani ilikuwa ya kwake mwenyewe, na kwa maoni yangu ndiyo kazi bora aliyoifanya katika miaka yote, kwa sababu mtu anaweza kughushi risiti lakini ni vigumu kumshawishi mama wa dagaa aseme umekaa karibu naye miaka kumi wakati hukukaa. Pale ambapo mwenye jina alikuwa amefariki na mtoto au mjane ndiye anayeuza, aliandika majina yote mawili, akaweka alama ya nyota.

Kisha hakuipeleka orodha kwenye kamati.

Nilimuuliza kwa nini. Alikuwa na sababu, na haikuwa ya kijinga. Orodha ya vizimba vya soko jipya ni fedha taslimu. Alijua kikaoni ingeingia na majina mia saba na kutoka na mia tisa, akatolea mfano masoko mengine ambako majina yalipenyezwa usiku mmoja. Kwa hiyo nakala zilibaki mbili, ya kwake na ya mwenyekiti wa soko. Mkurugenzi wa wakati huo alijua ipo na hakuidai. Kwenye muhtasari wa kamati kukaandikwa tu kwamba uhakiki wa wafanyabiashara umefanyika na taarifa imepokelewa.

Ziwa linapanda, kura zinahesabiwa

Ujenzi ulichelewa kama ujenzi mwingi unavyochelewa. Mwaka mmoja ukapita na wafanyabiashara bado wako uwandani.

Mwanzoni mwa 2020 mvua hazikukoma, na Ziwa Viktoria likapanda hadi mwezi Mei kufikia kina kilichozidi kidogo rekodi ya 1964. Wazee waliokumbuka mvua zile za baada ya Uhuru walikuwa wamesema mapema kwamba ziwa huja kuchukua kilicho chake. Maji yaliingia katika safu za mbele za soko la muda, kisha za kati. Meza zilihamishiwa nyuma, nyuma kukajaa, na watu wakarudi mjini kupanga bidhaa kando ya barabara. Mgambo waliwafukuza, jioni wakarudi. Soko lilitawanyika, na mwenyekiti wa soko hakuweza tena kusema nani yuko wapi.

Kura za maoni za chama chake zilifanyika katikati ya mwaka huo. Meya alishindwa katika kata yake mwenyewe, ambayo ina wapiga kura wengi wanaouza sokoni au wanaoolewa na wanaouza sokoni. Hakushindwa kwa rushwa wala kwa hila kubwa. Aliyemshinda alipita akiuliza swali moja: mzee amewapeleka kwenye maji, na karatasi za kurudi ziko wapi? Hakuna aliyekuwa na karatasi. Kila mmoja alikuwa na neno la meya tu.

Baraza likavunjwa kupisha uchaguzi. Katika kipindi hicho menejimenti huendesha halmashauri peke yake, na kwa bahati mbaya mkurugenzi naye alibadilishwa. Mgeni alikuta soko linakaribia kukamilika, shinikizo la kulifungua, na orodha moja tu kwenye mfumo: ile ya zamani ya ofisi ya mapato, yenye madalali ambao meya aliwaondoa miaka kumi na zaidi iliyopita na isiyo na wale waliochukua vitambulisho. Akagawa kwa orodha hiyo. Simlaumu kwa kugawa kwa orodha aliyoikuta, ila nashangaa kwamba hakuna mkuu wa idara aliyemnong’oneza habari ya daftari. Au labda sishangai.

Matokeo

Siku ya kukabidhi funguo, watu waliokuwa hawajaonekana sokoni kwa miaka walikuja na vitambulisho vya taifa na nakala za mikataba ya zamani, majina yakalingana. Kina mama waliokaa kwenye maji miezi mingi waliambiwa hawamo. Kulikuwa na maandamano madogo hadi kwa mkuu wa wilaya, ugawaji ukasimamishwa, kamati ikaundwa. Ghorofa ya juu ikabaki tupu, kwa sababu hata waliopewa huko hawakuitaka. Kizimba cha juu ni tatizo la masoko mengi mapya nchini, na wasanifu hawajaacha kuyachora.

Kamati ilimwita meya wa zamani, akaja na daftari. Mwanasheria wa halmashauri alisema, kwa haki kabisa, kwamba daftari binafsi lisilopigwa muhuri wala kupitishwa na kikao si kumbukumbu ya halmashauri. Wakakubaliana litumike kama mwongozo: kila jina lithibitishwe upya na majirani wawili waliotajwa kando yake. Kazi hiyo ilichukua miezi, lakini ilirudisha sehemu kubwa ya watu. Nakala ya mwenyekiti wa soko ilipolinganishwa na ya meya, kurasa za mwisho zilitofautiana. Majina kadhaa yalikuwa yameongezwa kwa kalamu nyingine.

Uchambuzi: kilichofanya kazi na kilichokwama

Kusema kwamba meya alifeli kwenye soko na kufaulu kwingine ni kurahisisha. Njia iliyompa mafanikio katika muhula wa kwanza ndiyo iliyomwangusha katika wa tatu.

Katika suala la fremu, usiri ulikuwa na faida. Alikuwa akikusanya habari dhidi ya watu wenye nguvu, na kuwaita pembeni kuliwapa njia ya kuachia bila aibu. Ila matokeo ya kazi ile hayakubaki daftarini. Yaliishia kwenye mikataba mipya yenye muhuri, mpangaji mmoja mmoja, kila mmoja na nakala yake nyumbani. Meya angeweza kufa kesho yake na mpangaji asingepoteza kitu, labda ndiyo maana hakuona hatari ilikuwa wapi safari ya pili. Katika suala la soko, mfanyabiashara hakupewa chochote mkononi. Hata kikaratasi chenye namba kingemsaidia.

Hoja yake ya kuogopa kupenyezwa majina huwapa shida wanasemina, kwa sababu ni ya kweli. Madiwani wangepenyeza. Lakini angalia nani alikuwa mlinzi bora wa orodha ile. Yeye mwenyewe alikuwa ameweka safu ya majirani, maana alijua wafanyabiashara wanajuana. Orodha hiyo hiyo ingebandikwa kwenye mbao za matangazo za ofisi za kata na langoni mwa soko la muda kwa wiki mbili, pingamizi zikapokelewa, ndipo ikaingia Kamati ya Fedha na Uongozi kama kiambatisho cha muhtasari, diwani wa kuongeza majina mia mbili angelazimika kuyaongeza mbele ya macho ya watu mia saba wanaojua kila meza ni ya nani. Badala yake kabati lililofungwa lilikuwa na funguo mbili, na mmoja wa wenye funguo ndiye aliyeongeza.

Madiwani hupinga hapa kwamba meya hana watumishi na mihuri si yake, kwa hiyo alitegemea nini? Alitegemea kikao. Ndicho chombo pekee ambacho sheria imempa. Mkurugenzi ni katibu wa baraza, na kilichoingia kwenye muhtasari uliothibitishwa kinamfunga mkurugenzi wa leo na wa kesho. Miaka kumi na tano ya kuwa kumbukumbu ya wakurugenzi ilimfanya meya asahau kwamba yeye naye ni mtu wa kupita. Na wakurugenzi walimzoea hivyo, kwa sababu ilikuwa rahisi kumpigia simu kuliko kupanga masijala. Lawama hii wakuu wa idara huwa hawaipendi, lakini orodha ya mapato iliyokaa bila kuhuishwa kwa zaidi ya muongo ilikuwa mezani kwao.

Kuhusu uwanda wa mwalo, huruma yangu ni ndogo. Alisikiliza wafanyabiashara, na hilo ni jema, lakini ofisa mazingira naye alizungumza na akapewa mistari minne. Hakuna aliyejua ziwa lingefikia kiwango kile. Lakini mita 60 zimewekwa kwa sababu hakuna anayejua, na neno “muda” halimwambii ziwa kitu. Hata kama angeng’ang’ania uwanda, angeweza kupanga safu kuanzia nyuma ya mita hizo na kuwapeleka waliobaki kwenye soko moja la kata. Njia hiyo ya nusu kwa nusu haikujadiliwa kikaoni. Nadhani ni kwa sababu hakuna aliyezoea tena kumpinga meya kwa kina. Muhula wa pili uliokuwa na upinzani mkali ulikuwa umekwisha, na vikao vya wa tatu vilikuwa vifupi. Ukilinganisha mihtasari ya mihula hiyo miwili, ile ya baraza lililogawanyika ina maswali mengi na maamuzi yaliyorekebishwa. Ya mwisho imejaa “taarifa ilipokelewa”.

Kuzungusha unaibu meya kulimwokoa kwenye kura ya kumwondoa, lakini hakukumtengenezea mrithi. Kila naibu alikaa mwaka, akajifunza kukaa kwenye kiti, akaondoka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kupita naye sokoni jioni na daftari.

Hali ilivyo

Baraza lililofuata lilitunga sheria ndogo ya masoko. Inataka orodha ya wapangaji ihakikiwe kila mwaka wa fedha, ibandikwe sokoni na kuambatishwa kwenye muhtasari. Wanasemina hupenda kuambiwa kwamba rasimu yake iliandikwa kwa kufuata safu za daftari la meya, ikiwemo ya majirani. Sheria ndogo huhitaji ridhaa ya waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, na hii imesharudishwa safari moja kwa marekebisho. Kifungu kilichosumbua ni cha vile vizimba vyenye nyota, vya marehemu. Mwanasheria anasema pango la halmashauri si urithi, linaisha na mpangaji. Wajane wanasema walikaa kwenye maji kwa jina la nani, kama si la marehemu? Rasimu ya sasa inampa aliyekuwa akiuza na marehemu nafasi ya kwanza ya kupanga, ndani ya siku 90, akithibitishwa na majirani wawili. Chama cha wafanyabiashara kinataka siku hizo ziwe 180, kwa sababu mirathi yenyewe mahakama ya mwanzo huchukua zaidi ya hapo.